Siku moja na fundi stima wa Lamu: breka, waya na chumvi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Simu inaita chai ikiwa bado moto. Ni msimamizi wa nyumba moja ya wageni kule Shela. "Fundi, breka ya vyumba vya juu imejizima tena jana alasiri. Wageni wamelala na pepeo mkononi. Hebu niletee ya 32 tuachane na taabu hii."

Namwambia nakuja. Breka ni kile kifaa kwenye bodi kinachokata stima mkondo ukizidi, na 32 ni ampea zake, yaani kipimo cha mkondo. Ya 32 siahidi.

Saa mbili

Nipo duka la vifaa pale Langoni pamoja na kijana ninayemfunza kazi. Mwenye duka ameweka aina mbili za breka mezani, moja bei yake karibu nusu ya nyenzake. Nampa kijana zote mbili azishike kwanza, kisha asome. Ile nzuri ina uzito na maandishi yaliyokaa imara: C16, 230/400V, na chini yake 6000 ndani ya kisanduku. Namba 16 ni ampea za kawaida. Herufi C ni tabia yake inapopigwa na mkondo mkubwa wa ghafla. Hiyo 6000 ni ampea za shoti inazoweza kukata salama. Kwa nyumba iliyo mbali na transfoma, 6000 inatosha. Iliyo karibu nayo naitafutia ya 10000, maana huko shoti huja na nguvu zote.

Ile rahisi, kijana amesugua kwa kidole gumba na herufi zimemfuata kidoleni. Tumeirudisha kwa adabu.

Saa nne, Shela

Boti imetushusha, tukapanda na vyombo begani. Bodi ya breka imefungwa kwenye ukuta wa jikoni, upande wa pili wa jiko. Nani aliichagua sehemu hii sijui, ila hapiki yeye. Nazima swichi kuu, nahakikisha kwa tesa kwamba bodi imekufa, ndipo nafungua kifuniko.

Tatizo linaonekana kabla ya kupima chochote. Kwenye breka ya vyumba vya juu, waya mwekundu umebadilika rangi ukawa kahawia, na ganda lake limekauka hadi linavunjika likiguswa. Shaba imeota ukijani wa chumvi. Naweka bisibisi kwenye skrubu, inazunguka nusu duara bila kubisha. Skrubu ikilegea, pale waya unapogusana panapata moto, na moto huo unaingia ndani ya breka kwenye kile kibamba cha metali mbili kinachojikunja kwa joto. Breka inadhani mzigo umezidi, inajizima.

Hilo ni nusu ya kisa. Nimekata sehemu iliyoungua, nikakaza upya, nikawasha na kuweka klampu mita, kipimo cha mkondo kinachozungushiwa waya: viyoyozi vitatu kwenye laini moja vinavuta ampea 14 na kitu. Kwenye karatasi ni sawa, breka ni ya 16. Lakini breka za majumbani, kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 60898, hupimwa kwenye joto la nyuzi 30. Kipimajoto nilichokiacha ndani ya bodi kinasoma 47, na bado jua halijafika upande huu. Katika joto hilo ya 16 hufanya kazi kama ya 14 hivi, tena ikiwa imebanwa kati ya nyingine zenye moto wake. Ndiyo maana inaanguka alasiri na asubuhi inakaa.

"Kwa hivyo ya 32 ingemaliza mambo," msimamizi anasema.

"Ingemaliza nyumba, dada yangu." Namwonyesha waya: ni wa 2.5, yaani unene wa milimita za mraba 2.5, umepita kwenye bomba ndani ya ukuta wa mawe pamoja na nyaya nyingine. Waya huo ukiwa umefunikwa hivyo haufai kubeba zaidi ya ampea 20 hivi. Breka ya 32 ina ruhusa ya kubeba ampea 36 saa nzima bila kutikisika. Breka haipo kwa ajili ya kiyoyozi, ipo kwa ajili ya waya. Waya utapikika ndani ya ukuta huku breka imetulia, na juu yetu hapo ni boriti za mikoko na makuti. Ameinua macho darini, hakuniuliza tena.

Tumevuta laini mpya kwa chumba cha tatu, ikapata breka yake. Ile ya zamani imebaki na vyumba viwili, breka mpya ya C16, na nafasi tupu pembeni ipate kupumua. Nimewaandikia wahamishe bodi kwenye ukuta wa kivuli. Wakihamisha au wasihamishe, angalau wameambiwa.

Saa saba

Swala, wali, samaki wa kupaka. Kijana amelala kwenye baraza dakika kumi.

Saa nane na nusu, mjini

Karakana ya mchonga milango. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Msumeno huu ukiuwasha, stima inaruka. Ukibahatika kuwaka, unakata hadi jioni."

Maneno hayo mawili ya mzee yametosha kunipa jibu, hata kabla ya kufungua bodi. Mota ni ya kilowati 4, fezi tatu, inavuta ampea 8 ikishazunguka. Lakini inapoanza huvuta mara sita au saba ya hapo, yaani 50 na zaidi kwa sekunde chache. Breka aliyofungiwa ni B10, ambayo hukata papo hapo mkondo ukifika kati ya ampea 30 na 50. C10 hukata kati ya 50 na 100, kwa hiyo ingekuwa ya kubahatisha. Nimemtilia D10, inayosubiri 100 hadi 200. D ina sharti lake: shoti ikitokea, lazima njia ya arthi, ile inayoshusha mkondo ardhini, iweze kupitisha hizo ampea 200, yaani ukinzani usizidi omu 1.2 kwa volti 240. Nimepima, 0.7. Msumeno umeunguruma mara ya kwanza, na mzee amecheka kwa sauti.

Saa kumi na moja

Jirani, bibi mmoja, kinga yake ya miliampea 30, inayokata stima ikivuja, inazima nyumba nzima kila mvua inyeshapo. Ameshauriwa na mtu aitoe. Taa ya nje ilikuwa imejaa maji. Tumebadilisha taa, kinga imebaki.

Saa mbili usiku

Ujumbe: mteja wa Mkomani amenunua hita ya kuogea ya kilowati 5.5 na anataka breka kesho. Mafundi wa ujenzi wameshamvutia waya wa 2.5 na kupiga lipu. Hita hiyo ni ampea 23, inataka breka ya 32 na waya wa 6. Nimemjibu breka ninayo, ila ukuta utafunguliwa kwanza. Amesoma, hajajibu. Waya wa 6 nimeuagiza Mombasa hata hivyo, utakuja na basi la kesho hadi Mokowe.