Komeo

Juzi binti yangu kaniomba komeo la mlango wa chumba chake. La ndani. Nikasema nitamwambia baba yake, nikaenda jikoni kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Mwaka 2015 makaratasi ya kumwasili, awe mtoto wetu kisheria, yalikuwa yamekamilika: vyeti vya tabia njema, ripoti za daktari, taarifa za benki, barua za wadhamini, hata hesabu ya umri, maana sheria ya Kenya ya wakati ule ilitaka angalau mmoja wetu awe amemzidi mtoto kwa miaka 21. Afisa alikuja, akakagua nyumba mpaka kabati la vyombo. Mbele yetu kulikuwa na miezi mitatu mfululizo ya kuishi naye kabla ya kupeleka ombi mahakamani, na kabla ya hiyo, kuzoeana. Mtoto wa miaka minane humfungi kwenye shali ukaondoka naye. Tulianza na saa moja kulekule kwenye makao ya watoto, kisha chakula cha mchana, kisha Jumamosi nzima. Nilimtengenezea albamu ya picha 12 akae nayo: geti, mbwa, choo, sufuria ya uji, kitanda chake na chandarua. Nikajiona fundi. Zote 12 nilizipiga mchana.

Siku ya kwanza kulala kwetu, alisimama katikati ya chumba, akazunguka taratibu.

"Wengine wanalala wapi?"

"Wengine akina nani?"

Akanyamaza. Bwenini walikuwa kumi na tisa.

Nikamwambia alale salama, nikazima taa, nikaurudisha mlango. Saa saba usiku nikaamka kwenda msalani. Nilipofungua mlango wetu, akaniangukia miguuni. Alikuwa amekaa sakafuni ameuegemea, blanketi mabegani, macho makavu kabisa. Miguuni viatu vya shule, kamba zimefungwa fundo mbilimbili.

"Unataka kurudi?" Sauti yangu mwenyewe sikuitambua.

"Hapana."

"Na viatu?"

"Visiibiwe." Akachungulia korido, kisha akanitazama kwa huruma. "Vyako umeviacha nje, Anti."

Alipohamia rasmi, baba yake alichukua bisibisi akafungua bawaba zote tatu za mlango wa chumba chake, akauficha nyuma ya kabati. Godoro likawekwa sakafuni kando ya kitanda chetu, liwe linasogezwa kidogo kidogo: kizingitini, koridoni, chumbani kwake. Shemeji akasema tunamdekeza. Nikamsikiliza, tukaruka hatua ya korido, na siku tatu mfululizo mtoto akakojoa kitandani. Tukarudi kizingitini. Baada ya hapo hatukusogeza mpaka alale usiku mitano bila kuamka. Taa ya korido iliwaka mpaka Desemba.

Mlango aliudai mwenyewe, siku binamu yake alipoingia bila hodi.

Sasa komeo. Baba yake kanunua dogo kuliko yote dukani, skrubu fupi, bega moja tu linaling'oa. Hakusema kwa nini, nami sikuuliza. Liliwekwa juu ya friji. Jana jioni binti kalishusha, kapasua pakiti, kahesabu skrubu mezani.

"Ziko nne. Mama, bisibisi iko wapi?"

Nikamwambia sijui. Iko kwenye droo ya vijiko, na anajua.