Punje Nne

Januari 1997, usiku wa kuamkia siku ya kuandikishwa, baba alituita sote sita mkekani. Nje malori yalikuwa kwenye foleni ya kuingia mpaka wa Malaba, upande wetu wa Uganda, injini zikinguruma hadi ukuta ukatetemeka. Baba wa kabila la Wateso, mama wa Wasamia. Kiswahili ndicho tulicholelewa nacho.

Baba akaweka punje nne za mahindi mbele ya koroboi. Ahadi ya kampeni za urais za 1996 ilikuwa imetimia, ada ya shule ya msingi imefutwa, ila kwa watoto wanne tu kila nyumba. Kama kuna wasichana, wawili kati yao waingie. Mwenye ulemavu atangulizwe.

Punje ya kwanza haikuwa na ubishi, ilikuwa ya kaka yangu aliyepooza mguu kwa polio. Kaka mkubwa, miaka 15, akasema yeye ameshazoea mkokoteni wake pale mpakani. Tukabaki wanne kwa punje tatu: dada wa miaka 13, mimi wa 9, na wadogo zetu wawili, mvulana na msichana. Baba akawa anazisogeza zile punje kwa kidole, anazirudisha, hasemi. Mama ameinama.

"Baba, mwandike huyu," dada akasema, akinisukuma begani. "Mimi nitabaki na mama, nimsaidie mandazi."

Hakuna aliyempinga. Mimi pia nilinyamaza, na hadi leo ukimya wangu ule unaniuma.

Asubuhi kitinda mimba wetu aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Akalishika kwa ncha ya kidole, akaandikwa. Darasa la kwanza tulizidi mia, mwalimu mmoja, tumeketi sakafuni juu ya magunia. Nchi nzima wanafunzi waliongezeka kutoka milioni 3 hivi hadi zaidi ya milioni 5 kwa mwaka mmoja, na sisi wa nyuma tuliinuka kwa zamu ili tuuone ubao.

Sare na daftari bado vilikuwa juu ya wazazi. Langu lilikuwa la kurasa 32, nyuma lina jedwali la kuzidisha. Jioni dada akajifuta unga mikononi, akalifungua.

"Wamewafundisha nini leo?"

Nilikuwa na mstari mmoja: a, e, i, o, u. Akaokota kipande cha mkaa, akazinakili kwenye ukuta wa jikoni, kila herufi kubwa kama kiganja, e yake ikitazama nyuma. Tuliendelea hivyo kila jioni, mpaka siku alipoandika jina lake lote bila kuniuliza.

Kikomo cha watoto wanne kilikuja kuondolewa baadaye. Dada alikuwa ameshaolewa, yuko ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya. Mwaka ule mama alikandika jikoni upya kwa udongo na samadi. Alipofika kwenye zile herufi akaweka karai chini, akaendelea upande wa pili.