Mashine 18, bando moja: ninavyosasisha Debian kwenye maabara ya shule

Maabara yetu ya kompyuta ina mashine 18, zote mitumba kutoka ofisi mbalimbali, na zote zinatumia Debian, mfumo endeshi wa Linux usiolipiwa. Hela ya leseni hatukuwa nayo, na mashine yenye ramu ya GB 4 inatembea vizuri tu na XFCE, meza (desktop) nyepesi. Kuzitunza ni kazi yangu, juu ya vipindi vyangu vya hesabu. Lililoniumiza kichwa muda mrefu ni masasisho.

Ukiwasha unattended-upgrades, programu inayosasisha mashine bila mtu, na kuziacha mashine zijiendeshe, kila moja huulizia orodha mpya ya vifurushi (programu zilizofungashwa) mara mbili kwa siku, saa kumi na mbili asubuhi na jioni, ikichelewa kwa muda wa kubahatisha ili zisikimbilie sava zote kwa pamoja. Kwenye ofisi yenye faiba hakuna atakayegundua. Sisi tunatumia modemu ya laini ya simu. Kernel, yaani kiini cha mfumo, na Firefox husasishwa mara kwa mara, na kila kimoja ni makumi ya megabaiti. Zidisha mara 18, faili lile lile. Mhasibu alishawahi kunisimamisha koridoni: "Mwalimu, hivi hawa watoto wanaangalia sinema humo ndani?"

Dawa yake ilikuwa apt-cacher-ng. Ni programu ndogo unayoisakinisha kwenye mashine moja, nayo inakaa katikati ya maabara na intaneti. Mashine ya kwanza ikiomba kifurushi, inakishusha na kukiweka kwenye diski; zinazofuata zinakipata kutoka hapo hapo kwa kebo. Upande wa sava:

sudo apt install apt-cacher-ng

Na kwenye kila mashine ya wanafunzi, faili moja, /etc/apt/apt.conf.d/01proxy, lenye mstari mmoja:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.5:3142";

Namba 3142 ni mlango wa kawaida wa programu hiyo. Anwani weka ya sava yako. Kwisha. Tangu hapo mashine ya kwanza ndiyo inayokula bando, zilizobaki zinakula umeme tu.

Kuna jambo moja linalowatia watu wasiwasi. Ghala hili la apt-cacher-ng linaweza kuhifadhi kinachopita kwa http tu. Ukiandika https kwenye orodha ya vyanzo, yaani anwani za kushushia vifurushi, haliwezi kuona kilichomo ndani, kwa hiyo halihifadhi kitu. Kijana anayenisaidia maabara aliniuliza, "Mwalimu, http si hatari?" Kwa kurasa za benki, ndiyo. Kwa apt, programu ya Debian ya kushusha na kusakinisha vifurushi, mambo ni tofauti, kwa sababu usalama wake hautegemei njia. Faili la InRelease lina sahihi ya kidijiti ya Debian, na ndani yake mna alama za SHA256 (hesabu inayobadilika faili likiguswa) za orodha za vifurushi; orodha nazo zina alama ya kila faili la .deb. Mtu akibadilisha hata herufi moja njiani, hesabu haikubali na apt inakataa kusakinisha. Anachoweza kuona anayechungulia ni kwamba tunashusha LibreOffice. Na aone.

Mashine za mitumba zina ugonjwa wao mwingine, ambao miongozo mingi haiutaji: betri ya saa. Ile betri bapa ya CR2032 kwenye ubao mama ikifa, kompyuta ikikosa umeme tu, saa yake inarudi miaka ya nyuma kabisa. Ukiendesha apt update, inakwambia faili la Release "is not valid yet", yaani kwa saa yake hiyo, orodha imetiwa sahihi siku ambayo bado haijafika. Mtu anaweza kubadilisha vyanzo na kulaumu mtandao kutwa nzima. Mimi siku hizi, mashine yoyote ikigoma kusasisha, kwanza naandika date, nione saa yake. Betri zinauzwa kwa bei ya soda kwa mafundi saa.

Suala la umeme lilinifundisha kutenganisha kushusha na kusakinisha. Apt yenyewe hufanya mambo haya kwa hatua: inashusha vyote, kisha inafungua na kusanidi. Umeme ukikatika wakati wa kushusha, hakuna kilichoharibika. Vipande vinabaki kwenye folda ya partial na kazi inaendelea pale ilipoishia. Ukikatika dpkg, programu inayosakinisha chini ya apt, ikiwa katikati ya kufungua vifurushi, hapo utakuta mashine iliyoko nusu zamani nusu sasa. Kwa hiyo usiku, bando la usiku likianza, sava inaamrisha mashine ya majaribio:

sudo apt full-upgrade --download-only

Amri hiyo haisakinishi chochote, inajaza ghala. Kusakinisha nafanya mchana, umeme ukiwa umetulia, kwanza kwenye mashine hiyo ya majaribio. Inakaa siku kadhaa ikitumiwa na walimu, ambao ni wakali kuliko mtihani wowote. Printa ikigoma, nitajua kabla ya saa nne. Zikipita salama, naingia nyingine zote kwa ssh (njia ya kuamrisha mashine kwa mbali) kutoka kwenye sava, kwa kitanzi kifupi cha for kinachorudia amri kwa kila mashine. Umeme ukituwahi katikati, dawa ni dpkg --configure -a, kisha apt -f install. Hadi leo hazijaniangusha.

Ukikutana na ujumbe kwamba lock-frontend, kufuli la dpkg, imeshikwa, maana yake kuna mchakato mwingine unatumia dpkg, mara nyingi ni unattended-upgrades. Subiri. Ushauri wa kufuta faili la kufuli kwa rm umesambaa sana, na ni ushauri mbaya: michakato miwili ikiandika kwenye hifadhidata ya dpkg kwa pamoja, utatengeneza tatizo kubwa kuliko lile la kusubiri dakika kumi.

Kuhama kutoka Debian 11 kwenda 12, iliyotoka Juni 2023, nilikufanya wakati wa likizo. Kwanza unamaliza masasisho yote ya 11, kisha unabadilisha bullseye, jina la toleo la 11, kuwa bookworm, jina la 12, kwenye vyanzo. Pia unaongeza sehemu mpya ya non-free-firmware, maana toleo hilo ndilo lililozihamishia huko programu za vifaa kama kadi za waifai. Asiyeiongeza atabaki na za zamani bila kupata marekebisho. Halafu apt upgrade --without-new-pkgs, ndipo full-upgrade. Kabla ya kubonyeza Y nilisoma orodha ya vitakavyoondolewa, jina kwa jina. Hii ndiyo sehemu ambayo siikabidhi kwa mtu wala kwa kitanzi cha for. Apt ikitaka kuondoa meza yote ya XFCE ili kuridhisha kifurushi kimoja, inakwambia wazi, ila kwa maandishi yale yale madogo inayotumia kukwambia mengine yote.

Yule kijana hakupenda kukaa na matoleo ya zamani. Alitaka tutoke stable, tawi thabiti, twende testing au sid, matawi ambako vifurushi vipya hujaribiwa, tupate vitu vipya. Nikamwonyesha bookworm-backports, chanzo cha matoleo mapya yaliyoandaliwa kwa Debian 12, kwa programu chache zenye haja ya kweli, na hapo tukaafikiana nusu. Nusu nyingine ilimalizwa na sakata la xz, programu ya kubana mafaili, la Machi 2024, pale mhandisi wa programu Andres Freund alipogundua mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Matoleo hayo yalikuwa yameshafika testing na sid, stable haikuguswa. Hakuniletea tena hoja ile, ingawa kwenye laptopu yake mwenyewe najua anaendesha sid. Ni yake.

Sasa Debian 13 ipo, tangu Agosti 2025, na mashine ya majaribio imeshahamia. Apt mpya ina amri ya modernize-sources inayogeuza vyanzo kuwa muundo mpya wa faili, kazi ambayo nilikuwa naiahirisha. Tatizo ni zile mashine mbili kongwe za biti 32: toleo la 13 halina tena kernel wala kisakinishi kwa ajili yao. Zitabaki na Debian 12, iliyopangiwa masasisho ya muda mrefu hadi Juni 2028, na kidato cha kwanza wataendelea kujifunzia kuchapa humo. Nyingine 15 zinasubiri likizo ya Desemba, na mhasibu ameshaniuliza kama bando la mwezi huo litakuwa kubwa. Nimemwambia la kawaida, usiku mmoja wa ziada tu.