Siku moja maishani mwangu: mimi, kisu na kuku wa watu hapa Kibaha

Saa 11 na nusu alfajiri
Kabla hata sijapiga mswaki niko bandani. Nina kuku wa mayai wachache nyuma ya nyumba na muda huu bado wametulia, ndo unaweza kuwaangalia vizuri. Upanga wa kichwani ukiwa mwekundu na umejaa sina wasiwasi, ukipauka au ukinywea namtoa pembeni. Halafu namkamata yule ninayemshuku anakula bure, naweka vidole katikati ya ile mifupa miwili myembamba karibu na tundu la kutagia. Vikipita viwili au vitatu huyo anataga, kikipita kimoja tu basi nafuga mpangaji asiyelipa kodi.

Saa 2 asubuhi
Dukani. Mi nina diploma ya mifugo, sio dokta, ila hapa ukiuza dawa ya kuku tu ushakuwa dokta na nimechoka kubishana. Sijamaliza hata kufagia mama mmoja kaingia na ndoo, ndani broila wawili wamekufa usiku, wiki ya nne. "Dokta, kideri kimeingia, nipe OTC niwahi, wengine wamejikunyata." Nikamwambia mama yangu kaa kwanza, tumfungue tuone. Hapa ndo tunapogombana na wateja kila siku, maana OTC ni antibayotiki na kideri ni kirusi, unaweza kumwaga kopo zima kwenye maji na kuku wakaendelea kufa vilevile.

Nyuma ya duka nina meza ya bati. Glavu, barakoa, namlowesha kuku kwa maji ya sabuni ili vumbi la manyoya lisipande puani. (Wakifa banda zima ghafla, vichwa vimevimba na upanga umekuwa bluu, hao sigusi kabisa, napiga simu kwa daktari wa mifugo wa wilaya.) Navunja nyonga miguu ilale chini, navua ngozi, na hapohapo jibu likaanza kujitokeza: mapajani na kidarini kuna michirizi ya damu ndani ya nyama. Nikaenda tumbo la tezi, lile dogo linalotangulia firigisi, maana kideri mara nyingi kinaacha vidoti vya damu pale. Safi. Ile mifuko miwili ya utumbo iliyoziba mwisho, ambako koksidiosisi, ugonjwa wa vijidudu vya utumbo, inapenda kujaza damu, safi pia. Nikageukia mgongoni juu ya tundu la haja, kuna kakifuko kadogo kanaitwa bursa, na hako kalikuwa kamevimba vibaya na kuzungukwa na ute wa njano. Gumboro hiyo, ugonjwa mwingine wa kirusi.

Aisee hako kakifuko nakapenda kuliko kiungo chochote cha kuku. Kinaitwa bursa ya Fabricius, daktari wa Padua kule Italia aliyefariki 1619, na miaka mia tatu na zaidi ikapita watu wanakiona tu hawajui kazi yake, mpaka 1956 Bruce Glick na wenzake huko Marekani wakaandika kwamba kifaranga akitolewa bursa mapema mwili wake unashindwa kutengeneza kinga inavyotakiwa. Zile seli B za kinga tunazosoma darasani, B yake ni ya bursa, yaani imetoka matakoni mwa kuku! Na kirusi cha Gumboro (Gumboro yenyewe ni sehemu huko Delaware, ugonjwa uliripotiwa 1962) kinashambulia hapohapo kwenye kiwanda cha kinga, kwahiyo hata kuku atakayepona chanjo nyingine zinaweza zisimshike vizuri.

Mama akasema lakini nilichanja. Kwa maji gani? Ya bomba. Klorini inaua chanjo ya maji, mama. Akanyamaza, mi nikampa vitamini na glukosi, nikamwambia aongeze joto, atoe maranda yaliyolowa, asilete vifaranga wapya mpaka banda lisafishwe na kupumzishwa. Kwa Gumboro hakuna dawa ya kuua kirusi, na sikumuuzia OTC ingawa bei yake ningeipenda mfukoni.

Saa 4
Chai, chapati, simu. Kuna mtu katuma picha ya kinyesi cha kahawia, laini kama ugoro, anauliza kuku wake wana nini. Hawana kitu bro, hicho kinatoka kwenye ile mifuko miwili ya utumbo, kila kuku mzima anakitoa mara chache kwa siku.

Saa 5 na nusu
Bodaboda mpaka kwa kijana mmoja anafuga kuku wa mayai, analalamika mayai laini, mengine hayana ganda kabisa. Banda lake bati lipo chini mno, ukiingia unahema, na kuku walikuwa wanahema kuliko mimi. Kuku hana tezi za jasho, anapoza mwili kwa kuhema, na akihema sana anapoteza kaboni dayoksaidi ambayo ndo ilitakiwa iungane na kalsiamu itengeneze ganda. Kijana alikuwa na kuku mmoja amekufa kwa joto nikamfungulia amwone. Ovari ni moja tu, ya kushoto, ya kulia huwa inasinyaa tangu mapema. Nikamvutia ule mrija wote: kiini kinadakwa mwanzoni kwa dakika 15 hivi, kinavaa ute kama masaa matatu, ngozi nyembamba saa moja na kitu, halafu kinakaa karibu masaa 20 kwenye sehemu ya ganda. Akashangaa, "kwahiyo ganda linajengwa usiku?" Sehemu kubwa ndiyo, na ganda moja linabeba kama gramu mbili za kalsiamu, asipopata kwenye chakula anachota kwenye mifupa yake mwenyewe. Chokaa ya mifugo au makombe yaliyopondwa wape jioni, na weka nyasi juu ya bati.

Saa 9 alasiri
Nimepita sokoni kununua kuku wa nyumbani. Vijana wanaochinja pale wanajua mwili wa kuku kuliko wanafunzi wengi niliosoma nao, ini likiwa na vidoti vyeupe wanaliweka pembeni bila kuambiwa. Dada mmoja mteja alikuwa anakwangua mgongoni kwa ndani, anasema hii damu iliyoganda haitoki. Dada, hizo ni figo, zimejichimbia kwenye mifupa. Na zile nyekundu za juu zimeng'ang'ania mbavuni ni mapafu, hayatanuki kama yetu, kazi ya kusukuma hewa inafanywa na vifuko vya hewa vilivyosambaa mpaka ndani ya baadhi ya mifupa. Kuku hana kiwambo cha kupumulia, kidari lazima kicheze ndo apumue, ndo maana mtoto akimbana kifaranga kifuani kwa upendo anamuua.

Saa 2 usiku
Nimepika. Kwetu firigisi ni ya baba, nimeolewa nimeikuta hivyo, ila kazi ya kubandua ule utando wa njano wa ndani unaosagia punje na vijiwe ni yangu, kwahiyo naikata nusu na hakuna aliyefungua mdomo.

Mama wa Gumboro kapiga, wamekufa wengine ila waliobaki wanakunywa maji. Kesho anataka kuniletea mmoja kwa uhakika. Nimemwambia na nyie nawaambia: mlete siku hiyohiyo aliyokufa, mkiwa mbali mwekeni kwenye barafu ndani ya ndoo yenye mfuniko, msimgandishe kwenye friza maana nyama ikiganda na kuyeyuka sioni kitu. Na njooni kabla ya saa 5, baada ya hapo nakuwa barabarani.