Tambi za mkono na jibini laini kwa maziwa ya Tabora

Nimekipika chakula hiki hapa Tabora mara nyingi, na kikiharibika sababu huwa moja: maji. Jibini ikibaki na maji mengi, tambi zinaogelea. Ikikamuliwa sana, inakuwa kama mchanga mdomoni.

Naanza na lita 2 za maziwa ya ng'ombe yaliyokamuliwa siku hiyo hiyo. Ya boksi, yale yanayokaa miezi bila friji, siyatumii: yanakatika chembe ndogo mno zinazopenya kwenye kitambaa. Nabandika kwenye moto wa wastani huku nikikwangua chini kwa mwiko yasishike. Povu likitokea pembeni na mvuke ukawa mwingi, naepua kabla hayajafura. Hapo namimina vijiko 4 vya chakula vya maji ya limao, nazungusha mwiko mara mbili tatu tu, nafunika dakika 10. Kukoroga zaidi ni kuyavunja mabonge, na bonge lililovunjika linatoa maji yake yote. Ukifunua, maji yawe ya kijani-njano, maangavu. Yakiwa bado meupe, ongeza kijiko 1 cha limao, usubiri dakika 2. Malimao hayalingani ukali.

Nachuja kwa kitambaa cha pamba kilichochemshwa, naning'iniza dakika 20, sikamui. Inapatikana kama gramu 350, jibini inayokaa juu ya kijiko bila kumwagika lakini bado inang'aa unyevu. Chumvi nusu kijiko cha chai. Wengi huiita ricotta, ingawa ricotta ya Italia hutokana na maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini nyingine, na jina lenyewe maana yake ni "iliyopikwa tena". Haya maji yangu mimi nakandia chapati, zinatoka laini sana.

Tambi: unga wa ngano gramu 400, mayai 4 ya kisasa au 5 ya kienyeji kwa kuwa ni madogo. Kanda dakika 10 hadi donge liwe nyororo. Likipasuka, lowesha viganja uendelee kukanda. Ukimimina maji utapata ulimbo. Funika kwa kitambaa kibichi nusu saa. Kiangazi hapa hewa ni kavu, donge lililoachwa wazi linafanya gamba upesi, na gamba hilo halisukumiki tena. Sukuma kwenye kibao cha chapati, jembamba kiasi cha kuona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Nyunyiza unga, kunja, kata mikanda ya upana wa kidole kidogo.

Chemsha kwenye lita 4 za maji yenye vijiko 2 vya chakula vya chumvi. Mji uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka karibu nyuzi 96, kwa hiyo naonja dakika ya 3 na mara nyingi naepua ya 4.

Kabla ya kumwaga maji, teka kikombe kimoja. Kaanga vitunguu saumu punje 3 kwenye kijiko cha samli, tia tambi, epua, ndipo uweke jibini na robo ya kikombe kile. Jibini ya limao haiyeyuki. Ikikaa motoni inakauka na kuwa chengachenga. Maji ya tambi yana wanga, ndiyo yanayoifanya ishike. Geuza, ongeza kidogo kidogo hadi kila mkanda uvae rojo jeupe. Pilipili manga juu, pakua papo hapo.