Goose imeruka tena!
Leo nimeijaribu Grumman Goose, ndege inayotua nchi kavu na majini, iliyotoka matengenezo, hapa Alaska. Aina hii iliruka mara ya kwanza 1937: injini mbili za Pratt & Whitney, vishikio vya kuongezea nguvu ya injini vinaning'inia darini juu ya kichwa cha rubani. Magurudumu unayapandisha kwa mkono, unazungusha mpini hadi bega linawaka.

Kutua ziwani ndiko kulikonishughulisha. Maji yalikuwa shwari kabisa, na hapo huwezi kukadiria kimo, kwa hiyo nikaambaa na ufuo nikitazama miti. Nikachungulia dirishani tena na tena: magurudumu yako juu? Yakigusa maji yakiwa chini, ndege inaweza kupinduka. Tumbo la ndege likagusa, maji yakafunika kioo chote, kisha ikatulia. Jamani, naipenda ndege hii! Sasa mafundi wanakagua kama tumbo linavuja.