Sinki la Bluu Halikung'olewa

Mafundi watatu waliingia kwenye choo cha wageni nyumbani kwetu Kinondoni, na wote watatu neno lao lilikuwa moja: ng'oa. Wa kwanza hakuvuka hata kizingiti. Alichungulia, akaona sinki la bluu na choo cha bluu, akaniambia, "Dada, rangi hizi zilishapita, weka nyeupe za kisasa." Hesabu yake ilikuwa kama shilingi 1,800,000, tailizi za sakafu na ufundi humo humo. Wa pili alishuka kidogo. Wa tatu sikumsubiri amalize.

Seti ile Baba aliinunua mwaka 1985. Wanaoikumbuka miaka ile wanajua shida ya bidhaa ilivyokuwa kabla serikali haijaruhusu watu kuagiza vitu kwa fedha zao za kigeni mwaka 1984. Hata sabuni ilikuwa ya foleni. Dukani alikuta bluu tu, akachukua bluu. Ni udongo mzito, haujapata ufa mpaka leo. Kumwambia Mama kwamba vitu hivyo viende jalalani eti kwa sababu ya rangi, sikuwa tayari.

Basi nikaingiza kiti cha plastiki humo ndani, nikaacha mlango wazi, nikakaa kuangalia kitu kimoja kimoja. Kuta zilikuwa na rangi ya mafuta ya pinki. Tailizi nyeupe za inchi 6 zilizopanda hadi kiunoni zilikuwa nzima, ila maungio yake yamekuwa meusi. Kioo kimeliwa na unyevu pembezoni. Koki imevaa magamba ya chumvi. Bluu yenyewe haikuwa na kosa lolote. Ile pinki ndiyo iliyokuwa ikiidhalilisha.

Nikaanza na choo. Kwa miaka mingi tulitumia maji ya kisima, na maji ya kisima ya Dar mengi yana chumvi. Ndani ya bakuli kulikuwa na pete ya kahawia nene kama gome. Fundi bomba alitaka kumwaga asidi kali. Nilikataa, kwa sababu kwa shangazi yangu Magomeni asidi hiyo hiyo ilikula maungio ya tailizi ikatoa na mng'ao wa koki. Isitoshe, asidi ikikutana na jiki hutoka gesi ya klorini inayochoma mapafu, na choo chetu upana wake hauzidi mita moja na nusu. Hata siki au ndimu usizichanganye na jiki, nakuomba sana.

Nilichofanya ni hiki. Nilifunga maji, nikaflashi, kisha yale yaliyobaki kwenye bakuli nikayateka kwa kikombe na kuyakausha kwa sponji hadi pete yote ikawa wazi. Ukiacha maji humo, dawa yako inazimuliwa na unapoteza usiku wako bure. Nikakoroga vijiko vinne vya ndimu ya unga, ile wanayotilia achari, kwenye lita moja ya maji ya vuguvugu. Nikachovya karatasi za chooni, nikazibandika moja moja juu ya pete na chini ya ukingo, pale kwenye matundu ya maji, kama mtu anayebandika kitambaa cha dawa kwenye jipu. Nikafunga mlango, nikalala. Asubuhi nilipobandua, gome lilikuwa limelainika kama chaki. Nikachukua jiwe la kusugulia visigino, nikalilowesha, nikaanza kusugua taratibu. Lazima liwe limelowa muda wote, likikauka linakwaruza. Ilinichukua karibu saa nzima, na chini ya lile gome ikatokea bluu ambayo sikuwa nimeiona tangu nikiwa mtoto. Nilimwita Mama aje aone. Maji nayo, matundu yalipozibuka, sasa yanazunguka bakuli zima kwa nguvu. Koki niliifunga kitambaa chenye dawa hiyo hiyo, ila kwa nusu saa tu.

Tangi nililibadilisha boya na mpira, nikatumbukiza humo chupa ya lita moja iliyojaa maji. Vyoo vya zamani vinatumia maji mengi kuliko lazima, na chupa ile inaokoa lita moja kila ukiflashi. Iweke mbali na boya.

Sasa kuta. Muuza rangi mmoja aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba rangi ya maji inashika popote, nipake tu juu ya ile ya zamani. Nikamwamini. Nikapaka mikono miwili, ukuta ukapendeza, nikafurahi. Masika yalipoanza, wiki ya tatu, niliona kilengelenge nyuma ya sinki. Nikakigusa kwa kucha, kikafunguka. Nikavuta kidogo, rangi ikaja yote, kuanzia sinki hadi chini ya dirisha, kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na ile pinki ikawa inanitazama upya. Fedha ya rangi imekwenda, Jumamosi mbili zimekwenda. Ukuta wenye rangi ya mafuta unang'aa, na rangi ya maji haina pa kushika. Ilinibidi nibandue yote, nipige msasa hadi mng'ao ufe kabisa, nioshe kwa maji ya sabuni, niache ukauke siku mbili huku luva za dirisha ziko wazi, nipake praima ya mafuta, ile rangi ya chini ya kushikia, ndipo rangi yenyewe. Imepita masika mara mbili, hakuna hata doa.

Rangi niliichagua kwa kipande cha boksi. Nilipaka maboksi matatu, nikayaegemeza kando ya sinki, nikawa nayatazama asubuhi, mchana na usiku taa ikiwaka. Nyeupe kali ililifanya sinki lionekane limechakaa. Rangi ya maziwa ndiyo iliyokubaliana nalo.

Maungio niliyakwangua kwa wembe mkuukuu wa msumeno wa chuma, nikajaza grauti mpya. Sakafu ni saruji nyekundu, haikuhitaji tailizi bali nta na magoti. Tena tailizi zingeinua sakafu na mlango ungebidi ukatwe chini. Kioo sikukibadilisha. Seremala wa Keko alinitengenezea fremu ya mninga yenye ubao wa sentimita 5 kila upande, ikafunika weusi wote, na kipande kilichobaki kikawa kibao cha kuwekea sabuni. Ukijumlisha na ile rangi iliyobanduka, sidhani kama yote ilifika laki nne.

Jioni nilipomaliza, Mama aliingia, akafungua koki, akaifunga, akatoka bila kusema neno. Alirudi na kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe zamani, kilichokuwa kimekaa sandukuni, akakitundika kando ya sinki. Nimebakiwa na luva mbili zenye ufa, nitafuata mpya madukani mtaa wa Gerezani mwisho wa mwezi.